Hati Safi, Kiingereza Chenye Mashaka

Kijana wa kidato cha nne mjini Njombe akisoma kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ameipa halmashauri fulani "unqualified opinion", ana kila sababu ya kushtuka. Darasani amejifunza kwamba "qualified" ni mtu mwenye sifa. Basi halmashauri hiyo imefeli. Kumbe imepata hati safi. Ingeandikwa "qualified", hapo ndipo pangekuwa na shaka.

Kijana huyo hana wa kumuuliza. Kiingereza cha shuleni ni cha barua kwa rafiki na insha ya likizo. Somo la Uraia angalau lilimgusisha maneno ya utawala wa sheria na mgawanyo wa madaraka, ingawa wengi waliyakariri na kuyaacha kwenye chumba cha mtihani. Sasa mtaala mpya, ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2025, umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo linalofundishwa kwa Kiswahili. Ni jambo jema mtoto kuielewa mihimili ya dola kwa lugha anayoiwazia. Tatizo ni kwamba karatasi za dola hazijahama kwa kasi hiyo.

Februari 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Siku chache kabla, kwenye Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata zikaja kanuni za kueleza ni wakati gani Kiingereza bado kinaruhusiwa. Mahakama za mwanzo zenyewe zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani. Ila hukumu za miongo mingi za mahakama za juu, ambazo mawakili huzitegemea hadi leo, zimeandikwa kwa Kiingereza. Mjane wa kijijini anayefuatilia mirathi kwa rufaa atajikuta anakwamishwa au anaokolewa na maneno asiyoyajua.

Makambako hali ni hiyohiyo, kwa sura ya tani na ekseli. Barabara ya Tunduma na ile ya Songea hukutana hapo, na malori hupita mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ilianza kutumika nchini mwaka 2019, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Dereva anajua kwa kichwa kwamba lori lisizidi tani 56. Kifungu anachodaiwa kukivunja ndicho kinachomtoa jasho.

Mitaani Kiingereza cha dola kimebaki herufi tupu: RB, OCD, RPC, DPP. Mkazi wa Njombe atasema "nimechukua RB" bila kujali ni kifupi cha nini, na hapati hasara yoyote. Hasara iko kwingine, na hapa magazeti ya Kiswahili, hili likiwemo, hayawezi kukwepa lawama.

Yanaandika "kuachiwa huru" kwa kila anayetoka kizimbani. Machi 4, 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa shauri dhidi ya kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Freeman Mbowe, na wenzake, wiki mbili baada ya mahakama kuona kwamba wana kesi ya kujibu. Walitoka gerezani. Lakini mshtakiwa anayetoka kwa njia hiyo ni "discharged"; hajatamkwa kuwa hana hatia, na sheria inaweka masharti tu ya kumshtaki tena. Aliye "acquitted" amesikilizwa na mahakama ikasema hana hatia. Ndugu wa mshtakiwa asiyejua tofauti hiyo hufanya sherehe mapema, kisha hushangaa kijana wao akikamatwa tena kwenye lango la mahakama, na hapo tetesi za hongo huanza kabla hajafikishwa kituoni.

Kwa hiyo wanaosema Kiingereza cha sheria kiachwe kwa mawakili kwa sababu Kiswahili kiko njiani wanaharakisha mno. Tafsiri ya sheria ni kazi ya miaka, na mtu aliye mahabusu leo hana miaka ya kusubiri. Lakini wanaodhani dawa ni kamusi nene nao wamekosea. Hakuna aliyewahi kuelewa hati ya mashtaka kwa kukariri orodha.

Karatasi halisi zinatosha. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye TanzLII, na ripoti za CAG ziko kwenye tovuti ya ofisi yake. Mwalimu wa Kiingereza wa Makambako anaweza kuchapa kurasa mbili za hukumu, akafuta majina ya wahusika kwa wino, akawauliza wanafunzi swali moja: huyu aliyeachiwa, polisi wanaweza kumfuata tena kesho?

Wiki ya Sheria, inayofanyika kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria, tayari huwatoa mahakimu na mawakili nje kuelimisha wananchi. Mwakani waje stendi ya Njombe na hati ya mashtaka ya mfano, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili.