Picha Ndogo na Swali Lililosahauliwa

Mama mmoja wa Bombo, huku Upareni, alinijia mara tatu akiumwa mgongo. Kila mara nilimwuliza panapouma, nikamwandikia dawa. Siku alipochora kwa rangi ya akriliki, juu ya kadi yenye ukubwa wa kiganja, ndipo nilipoiona njia ya mlimani, na kichwani mwa mwanamke mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kuliko kiwiliwili chake. Sikuwa nimemwuliza anabeba nini. Tiba yake ilianza upya hapo: mzigo uligawanywa, na wanawe wakaupokea sehemu.

Ndiyo maana nashauri kila kliniki ya maradhi ya kudumu iwe na kisanduku kidogo cha rangi. Akriliki huchanganywa na maji, hukauka upesi, wala haina harufu kali ya rangi za mafuta. Tena jambo hili si geni kwetu: Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mtindo wa uchoraji wenye jina lake mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, aliwahi kuwa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili.

Uchoraji hauponyi uti wa mgongo, wala si badala ya vipimo. Lakini huonyesha maisha ambayo maswali yetu hayayafikii. Tabibu mwenzangu, itazame picha, kisha uliza. Nawe mgonjwa, usiuonee haya mkono usiozoea. Ichore siku yako kama ilivyo.