Butembo-Beni: Zebaki ya dhahabu, maji safi yanaweza kuficha matope yenye sumu

Dhahabu inalisha familia nyingi kandokando ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini. Lakini nchini Kongo wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kushika chembe za dhahabu, kisha huichoma motoni.

Hatari yake haitegemei wingi tu, bali pia sura ya zebaki yenyewe. Ikichomwa, mvuke wake huingia mapafuni na kuumiza ubongo. Ikimwagika mtoni, hutulia ndani ya matope. Huko, penye hewa kidogo, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki. Hiyo hupita kwa wadudu, samaki wadogo, samaki wakubwa, hadi kwenye sahani. Kwa mama mwenye mimba, hufikia ubongo wa mtoto.

Japani ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa Minamata, kati ya watu waliokula samaki wa ghuba ambamo kiwanda kilimwaga uchafu huo.

Mito ya huku nayo inakwenda mbali. Semuliki hupeleka maji ya Beni ziwa Albert, hadi Nili. Upande wa magharibi, Lindi huelekea mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Kwa hiyo kupima maji peke yake hakutoshi: yanaweza kuonekana safi huku matope yakitunza sumu miaka mingi. Serikali ipime matope na samaki pia. Nao wanunuzi wa dhahabu, wenye faida kubwa kuliko mchimbaji, wasaidie kununua vyombo vya kufunga mvuke.