Mgeni Asiyepiga Hodi

Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ilipita Kigwa. Mgeni aliyeingia kijijini alionekana na wote, akaulizwa atokako na aendako. Leo mgeni huingia kupitia simu ya mkononi, akazungumza na mtoto hadi usiku wa manane, na mzazi aliyelala chumba cha pili asijue.

Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa kingono mtandaoni katika mwaka mmoja. Mara nyingi mhalifu huanza kwa sifa na zawadi ndogo, kisha huomba picha ya utupu. Akiipata, hutishia kuisambaza.

Wazazi wengi hudhani kinga ni kunyang'anya simu na kushika fimbo. Kwa maoni yangu, kufanya hivyo ni kumsaidia mhalifu. Nguvu yake haiko katika picha peke yake, bali katika hofu aliyonayo mtoto kwa wazazi wake. Mtoto ajuaye kwamba akisema atachapwa, atanyamaza. Na kimya ndicho akitakacho mhalifu.

Kwa hiyo, mzazi na atamke mapema, kabla ya tatizo: "Ukitishwa na yeyote, niletee simu, sitakupiga." Ahadi hiyo haihitaji ujuzi wa teknolojia. Jambo likitokea, mhalifu asilipwe, na ujumbe wake usifutwe, kwa kuwa ni ushahidi. Picha isitumwe kwa mtu mwingine, hata ndugu. Toa taarifa kwa kupiga 116 bila malipo, au fika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Nasi watoa huduma za afya tuna wajibu. Mtoto arudiaye kituoni kwa maumivu ya kichwa au tumbo na kukosa usingizi, wala vipimo havionyeshi ugonjwa, asiondoke na vidonge tu. Tumsikilize faraghani, tumwulize pia habari za simu, na akisema, tumwamini. Huenda sisi ndio watu wazima wa kwanza aliothubutu kuwaambia.