Pikipiki ya Kalokol na ngamia asiyefungwa

Mtu wa Pwani akifika Kalokol, ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, hujiona kama karudi kwao kwa mlango wa nyuma. Mashua zipo, ng'onda zimeanikwa juani, na hata mikoma ipo kama ile ya kwetu. Tofauti ni mchanga na jua lisilo na huruma. Kutoka hapo hadi Lodwar ni kiasi cha kilomita 60, na mizigo mingi ambayo zamani ilikuwa ya punda na ngamia, leo iko juu ya pikipiki.

Pikipiki zilienea nchini mwetu hasa baada ya mwaka 2008, serikali ilipoziondolea zile ndogo kodi ya ongezeko la thamani. Nyingi hutoka India, nazo zimekusudiwa kubeba dereva na abiria mmoja. Kalokol ina haja nyingine. Kwa hiyo pikipiki mpya haikai sana kabla ya kuingizwa uani ikafanyiwa kazi.

Nilikaa juu ya gunia nikimtazama kijana mmoja akiirekebisha yake. Karia ya kiwandani alikwisha kuing'oa, akachomelea nyingine ya nondo na paipu, pana kama kitanda cha mtoto. Akaongeza shokabu mbili. Spoketi ya nyuma akaibadilisha, akatia yenye meno mengi zaidi: mwendo hupungua, lakini nguvu ya kuvuta mchangani huongezeka. Mwisho alikata mpira wa tairi kuukuu, akauning'iniza nyuma ya gurudumu na kuuandika maneno kwa rangi nyeupe. Sisi tungesema kaipa pikipiki yake jina, kama kanga.

Yamkini wako watakaoyaita haya uharibifu wa mali. La hasha! Hapo hapo Kalokol kuna jengo la kiwanda cha samaki lililojengwa kwa msaada wa Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili wafugaji waliopigwa na ukame wapate riziki ya ziwa. Lilikusudiwa kugandisha samaki kwa barafu. Lakini kugandisha kwataka umeme mwingi na maji safi, na jangwani vyote viwili ni ghali kuliko samaki mwenyewe. Kazi ile haikudumu. Kisha katikati ya miaka hiyo hiyo Ghuba ya Ferguson, palipokuwa na uvuvi mwingi, ikakauka. Jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu. Kitu kilicholetwa kama kilivyo kilishindwa. Kinachorekebishwa na wenyeji ndicho kinachowafikisha samaki sokoni. Ndiyo akili ya mafundi wetu wa Lamu, wachongao jahazi kwa tezo bila ya mchoro wa karatasi.

Lakini sifa tupu ni udanganyifu. Nilimwuliza yule kijana, "Mwanangu, hii itabeba kiasi gani?" Akajibu, "Mzee, mpaka itakapokataa."

Na pikipiki hukataa kwa namna yake. Mzigo ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi, na hilo ndilo lenye kuongoza njia. Breki iliyopimiwa watu wawili hutakiwa isimamishe uzito wa wanne. Tena maji ya chumvi yatokayo kwenye samaki hula chuma pale kilipochomelewa, mahali jicho lisipofika. Na juu ya yote hayo hupandishwa abiria.

Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinataka abiria mmoja tu, kofia ngumu, na fulana ya kuakisi mwanga. Ni kanuni njema. Lakini kiungo kilichochomelewa uani, nani hukikagua? Kumkamata kijana na kumnyang'anya chombo si dawa, kwani kesho mwingine atachomelea usiku. Nionavyo mimi, fundi aletwe mbele ya sheria kama fundi, si kama mhalifu. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013 vyuo vya ufundi vya vijana viko mikononi mwa kaunti. Huko mafundi wa uani wapimwe na wapewe cheti. Urefu wa karia uwekewe mpaka. Na kila fundi agonge alama yake juu ya chuma alichokichomelea, ili kikivunjika ajulikane. Hayo si ya Turkana peke yake. Tazameni bodaboda za Kilifi na Malindi na madumu yake ya maji.

Kabla ya kuagana nilimwuliza kijana kama humpakia mama yake juu ya karia ile. Akacheka, akainama kutafuta spana. "Mama huenda kwa matatu, mzee."

Nikakumbuka kisa tulichofundishwa chuoni, cha yule bedui aliyemwacha ngamia bila kumfunga, akidai anamtegemea Mola. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kalokol wanajua sana habari za ngamia. Mama za watu wengine nao ni amana. Tukaze kamba kwanza, ndipo tutawakali.

Wabillahi taufiki.