Divai ya Dodoma: Mfanyabiashara wa Gishubi ana lake?

Kwa mtu wa Gishubi, Gitega, kinywaji ni ndizi. Ndizi mbivu hukamuliwa kwa majani, maji yake yakachanganywa na unga wa mtama, na siku mbili tatu baadaye urwarwa iko tayari. Siku chache tena, imechacha. Ndiyo maana haifiki mpakani. Divai inafika, na iliyo jirani nasi haitoki Ufaransa wala Afrika Kusini, inatoka Dodoma.

Anayetaka kwenda kujionea apite Muyinga, avuke Kobero aingie Kabanga, kisha Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida: njia ile ile ya malori ya mzigo wa Dar es Salaam. Atakuta nchi kame yenye mizabibu iliyoanzia kwa wamisionari wa Bihawana. Ulaya huvuna mara moja kwa mwaka, Dodoma mara mbili.

Lakini mgeni asidanganywe na uzuri wa mashamba. Shida ya Dodoma ni soko. Zabibu ikishaiva haisubiri, na viwanda vikijaa mkulima huuza kwa bei ya kutupa au huziacha zikaharibika. Anayepona ni mwenye matangi, kwani mchuzi wa zabibu uliohifadhiwa vizuri unaweza kungoja bei.

Je, Burundi inaweza kuwa soko hilo? Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na umoja wa forodha mwaka 2009, kwa hiyo divai yenye cheti cha uasili hailipi ushuru wa kuingiza. Ushuru wa bidhaa ni habari nyingine, kila nchi ina wake. Tanzania huitoza kidogo divai yenye zabibu za nyumbani zaidi ya asilimia 75, lakini upendeleo huo unaishia Kobero. Ongeza uzito wa chupa, zinazovunjika, na tatizo sugu la kupata fedha za kigeni kwa faranga zetu.

Kwa maoni yetu, aanze na katoni chache kwa hoteli za mjini Gitega, makao makuu ya kisiasa tangu 2019. Na akiwa njiani apitie Arusha, japo ni kuzunguka, ambako kampuni ya Banana Investments hutia divai ya ndizi kwenye chupa na kuiuza madukani. Ndizi ni zile zile za Gishubi. Kilichozidi ni kiwanda na chupa.