SIKIO LA MZEE SI SIKIO LA KUFA

Wahenga walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo ilitungwa kumwonya mkaidi asiyekubali shauri. Haikutungwa kumhukumu mzee anayetokwa na usaha sikioni. Hata hivyo, katika familia nyingi mzee ambaye kiwambo cha sikio lake kimetoboka huambiwa, "Huo ni uzee tu, vumilia." Sisi tunaona kwamba jibu hilo si sahihi kitaalamu, na zaidi ya hapo ni dhuluma.

Ndugu wasomaji, kiwambo ni utando mwembamba unaotenga sikio la nje na sikio la kati. Sauti ikikifikia hutetemeka, na mtetemo huo hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi sikio la ndani. Kikitoboka, ama kwa ugonjwa wa usaha wa muda mrefu, ama kwa kofi au ajali, usikivu hupungua, na maji ya kuoga yakiingia huweza kuamsha usaha upya. Usaha ukiachwa kwa miaka mingi huweza kula vile vifupa na, ingawa si mara nyingi, kufika hata kwenye ubongo.

Tundu hilo hutengenezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wawili Wajerumani, Horst Wullstein na Fritz Zöllner, waliweka misingi ya upasuaji huu. Mwanzoni ilitumika ngozi. Baadaye madaktari wakapendelea kutwaa utando unaofunika msuli wa panja la mgonjwa mwenyewe, au kipande cha gegedu la sikio lake, na kuziba tundu kwa kiraka hicho. Kwa wagonjwa wengine kazi hiyo hufanyika kwa ganzi tu, bila kulazwa usingizi, jambo ambalo ni nafuu kwa mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu.

Je, kiraka hushika katika mwili uliozeeka? Hapa ndipo dhana zetu zinapopingana na ushahidi. Madaktari wa nchi mbalimbali wamelinganisha wagonjwa wenye miaka 60 na zaidi na wale walio vijana, na kwa sehemu kubwa wamekuta kwamba viwango vya kushika vinakaribiana. Kwa mikono yenye uzoefu, mara nyingi tundu huziba kwa watu 8 hadi 9 kati ya 10. Yanayoamua zaidi ni ukubwa wa tundu, ukavu wa sikio kabla ya upasuaji, hali ya mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua, uvutaji wa sigara, na ustadi wa mpasuaji.

Haki haijengwi juu ya ahadi za uongo. Kwa hiyo hatuna budi kutaja na mipaka. Kuziba tundu ni jambo moja, na kusikia vizuri ni jambo jingine. Wazee wengi wana upungufu unaotokana na kuchakaa kwa sikio la ndani, na upungufu huo kiraka hakiuondoi. Mzee anaweza kupata nafuu fulani na bado asisikie kama kijana. Tena, upasuaji una hatari zake: kiraka huweza kushindwa, ladha ya ulimi huweza kubadilika kwa muda, na kwa nadra sana mshipa wa fahamu wa uso au usikivu wenyewe huweza kudhurika. Kisukari na shinikizo la damu sharti vidhibitiwe kwanza.

Lakini lipo faida moja ambalo hutajwa mara chache. Sikio linalotoka usaha ni vigumu kuvaa kifaa cha kusaidia kusikia, kwa kuwa kifaa huziba njia na kuzidisha unyevu. Sikio likiisha kuwa kavu, mzee anaweza kukivaa. Kwa namna hiyo upasuaji ambao peke yake haukumrudishia usikivu wote humfungulia mlango wa pili.

Tukumbuke ukubwa wa jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba zaidi ya asilimia 65 ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa usikivu wa kiasi fulani. Asiyesikia hukaa kikaoni kama mgeni: shamba lake hugawanywa mbele yake naye hajui kilichosemwa. Tunawafundisha vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi hatujali kama mkuu mwenyewe anasikia. Nchini Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na ilizungumzia haki yake ya matibabu. Lakini haki iliyoandikwa haimfikishi mtu kwa mtaalamu wa masikio, ambaye mara nyingi yuko katika hospitali kubwa ya mbali.

Kwa hiyo basi, tunawaomba viongozi wa jumuiya wafanye mambo matatu. Kwanza, wawatambue wazee wanaotokwa na usaha masikioni, na kuwaonya wasitie mafuta wala dawa za kubahatisha. Pili, wachangie nauli na mtu wa kumsindikiza mzee. Tatu, wamsaidie kumwuliza daktari wazi: tundu langu laweza kuzibwa? Nitarajie nini? Kama haiwezekani, ni kwa sababu gani? Daktari akijibu kwa kutaja ugonjwa, tumsikilize. Akitaja umri peke yake, tuombe kwa heshima mzee apelekwe kwa mtaalamu mwingine.