Tuyapime magari yetu kabla hayajayeyushwa

Jina la Land Rover 109 limetoka kwenye rula. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109, karibu sentimita 277. Gawanya kwa 24, kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi wa modeli za magari duniani, unapata sentimita 11 na nusu. Gari zima, bampa hadi bampa, linakuwa na urefu wa sentimita 18 na ushee. Kazi hiyo ya kugawanya, kukata na kuunganisha nimeifanya kwa miaka mingi, na leo nataka kuitetea mbele ya kila anayeliona gari dogo mezani kwa mtu mwenye mvi akadhani ni mchezo wa watoto.

Mimi ni fundi bodi hapa Tanga. Mchana nanyoosha milango iliyogongwa, napiga puti, nasugua msasa, napuliza rangi. Usiku vifaa ni vilevile: puti, msasa, praima, tina. Kinachobadilika ni unene. Mwanya wa milimita 5 kati ya mlango na nguzo ya gari halisi unakuwa sehemu mbili za kumi za milimita. Rangi ikizidi ikafika nusu milimita, basi gari halisi lingekuwa limepakwa rangi nene ya sentimita 1.2. Mistari ya milango inazibika, ribiti zinamezwa, na gari linabaki na sura ya sabuni iliyotumika. Ndiyo maana fundi wa gari dogo anapuliza rangi nyepesi, anasubiri ikauke, anapuliza tena. Mkono wenye haraka hauwezi kazi hii, na vijana wangu wa gereji niliowafundisha kwanza kwenye modeli wanapuliza rangi vizuri zaidi kuliko walioanzia kwenye mlango wa gari halisi la Noah.

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Kopo la soda nalo ni aluminiamu, na unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Nalikata kwa mkasi, nalikunjua, nalisugua kwa msasa hadi maandishi yatoke. Kisha nalilaza kifudifudi juu ya ndala kuukuu, naweka rula, na kwa kalamu ya wino uliokwisha nabonyeza nukta moja baada ya nyingine kwa nafasi sawa. Ukiligeuza bati, kila nukta imechomoza upande wa pili na kuwa kichwa cha ribiti. Mstari ukipinda kidogo tu, jicho linauona hata kama mtazamaji hajui kilichomkera. Bati hilo hulitupi. Unalihifadhi kwa sehemu za ndani zisizoonekana, na unakata jingine.

Chesisi naitoa kwenye bomba la PVC. Nalipasua kwa urefu, nalipasha kwa mbali juu ya jiko la mkaa nikiwa nje, penye upepo, mpaka lilegee, nalikandamiza kati ya mbao mbili, na likipoa nina kipande bapa cha plastiki kinachokatika kwa kisu. Kadi ya benki iliyoisha muda ina unene wa milimita 0.76, inafaa sana kwa viti na sakafu. Vioo vinatoka kwenye plastiki angavu ya maboksi ya mashati. Matairi ni ndala.

Wapo wanaonunua modeli za sanduku, vipande vikiwa tayari na karatasi ya maelekezo ndani, nami siwapingi. Revell ya Ujerumani imetoa Land Rover 109 kwa kipimo cha 1 kwa 24. Hasegawa ya Japani imetoa Datsun 240Z nyekundu yenye bonneti nyeusi, ileile ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo Safari Rally mwaka 1971. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, ilipokuwa ikijiandaa kutoa modeli kubwa ya Porsche 934 katika miaka ya 1970, ilinunua Porsche 911 nzima ikaifungua vipande vipande ili ielewe kila sehemu imekaa vipi. Naitaja habari hii kila ninapoulizwa kuna nini cha maana ndani ya gari la plastiki. Watu walinunua gari zima, la gharama kubwa, ili waliheshimu kwa vipimo.

Na heshima hiyo ya wageni imeyafikia hata mambo yetu, ila kwa jicho lao. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Corgi, iliyokuwa na kiwanda chake Swansea huko Wales, iliuza Volkswagen ndogo ya chuma iliyovalishwa mapambo ya Safari Rally ya Afrika Mashariki, na ndani ya boksi walimweka kifaru. Volkswagen kweli ilikuwa imeshinda mbio hizo mwaka 1962, Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani. Lakini kati ya vitu vyote vya barabara zetu, wao walimwona kifaru. Mtu wa Mombo au wa Voi angeweka tope.

Tope nalijua, na hapo ndipo ninapotofautiana na wajenzi wengi wa Ulaya ninaoziona kazi zao. Wanaijenga Datsun ya Safari kwa ustadi mkubwa, taa zile ndogo za pembeni juu ya mabawa ya mbele zikiwa mahali pake, halafu wanaimwagia tope moja la kahawia kutoka bampa hadi paa. Safari ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari moja lilibeba udongo wa nchi tatu. Udongo wa Usambara ni mwekundu. Udongo wa mbugani ni mweusi, unanata, unajaa kwenye upinde wa gurudumu hadi tairi linakwama. Vumbi la Naivasha, mahali mbio hizi zinapokimbiwa tangu zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ni la kijivu kwa sababu ni nchi ya volkano. Anayeijua barabara hulisoma gari kwa rangi ya vumbi lake.

Tena vumbi lina mahali pake pa kukaa. Mlango wa nyuma hubeba zaidi kuliko bonneti, kwa sababu gari likikimbia hulivuta vumbi nyuma yake. Kwenye kioo cha mbele waipa zimefyeka nusu duara mbili, na pembe zilizobaki ni chafu. Chini ya kitasa cha mlango pana alama safi ya vidole vya dereva. Udongo wenyewe nauchukua barabarani, nauanika, naukung'uta ndani ya soksi kuukuu hadi upatikane unga laini. Lazima uwe laini, maana punje ya mchanga ya milimita moja, kwa kipimo cha 1 kwa 24, ni kokoto ya sentimita 2.4. Unga huo nauchanganya na maji na gundi nyeupe kidogo, nao unakaa miaka.

Kuitazama kazi ya namna hii nako kunahitaji kujifunza. Usisimame juu yake. Mtu wa mita 1.7 kwa kipimo hicho ana urefu wa sentimita 7, kwa hiyo inama mpaka jicho lako liwe sentimita 7 juu ya meza, upande wa dereva, kisha tazama. Gari lisilo sahihi hujifichua papo hapo: magurudumu madogo, paa refu, kioo kilicholala mno. Lililo sahihi linakupa nafasi ya kusimama kando yake barabarani.

Mzee mmoja wa Korogwe aliyeendesha Land Rover ya shamba la mkonge kwa zaidi ya nusu ya maisha yake aliinama hivyo kwangu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, mlango wa abiria umeufunga vizuri mno. Wa kwangu ulikuwa haushiki, niliufunga kwa mpira wa tyubu." Nikamwuliza mpira ulifungwa wapi. "Kitasani, unapita dirishani, unakuja kwenye nguzo hapa." Akanionyesha kwa ukucha. Akanieleza pia kuwa tairi la akiba halikukaa kwenye bonneti, maana lilimziba asione barabara ya milimani. Lilikuwa kwenye kareia, chini ya turubai, pamoja na dumu mbili za maji. Nikakata utepe mwembamba wa puto jeusi, nikaufunga alipoonyesha. Boksi la Revell haliwezi kuwa na utepe huo, na hakuna kitabu kilichouandika. Mzee alipofariki, habari za gari lile zilibaki kwenye modeli.

Hicho ndicho ninachokitetea. Pale Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhiwa magari ya Mwalimu Nyerere, Rolls-Royce ikiwemo, na ni haki yawepo. Lakini magari yaliyobeba wananchi yako wapi? Yako wapi mabasi ya Ikarus kutoka Hungary ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, yenye miili miwili iliyounganishwa katikati kwa mpira wa mikunjo, tuliyoyaita kumbakumba? Liko wapi hata gari moja la abiria la Chai Maharage, abiria wakiwa kwenye mabenchi wanatazamana? Lori la Nyumbu, lililobuniwa na wataalamu wa jeshi letu pale Kibaha, ni watoto wangapi wa shule wanaoweza kulichora? Wakenya nao wana Nyayo Pioneer, lililoundwa baada ya Rais Moi kulitaka mwaka 1986 na kuonyeshwa hadharani mwaka 1990. Hakuna kiwanda cha Japani wala cha Ujerumani kitakachoketi kuyapima haya, wala si kazi yao.

Najua jibu la wenye makumbusho: nafasi haitoshi. Ikarus 280 ina urefu wa mita 16.5, hakuna ukumbi wa kuiweka. Sawa. Kwa kipimo cha 1 kwa 24 ina sentimita 69, inakaa kwenye kabati la kioo la sebuleni. Ulaya Mashariki wameshaitengeneza Ikarus hiyohiyo kwa kipimo cha 1 kwa 43, wakaipaka rangi za miji yao, na wazee wa huko wananunua ile waliyopanda kwenda kazini. Ya Dar es Salaam haimo miongoni mwa modeli hizo, na haitakuwemo tusipoijenga sisi.

Mafundi hatuwakosi. Tembea kijiji chochote utamkuta mtoto anasukuma gari la waya, fimbo ndefu ya usukani ikimfika kifuani, na akiizungusha magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Hakuna mtu mzima aliyemfundisha mfumo ule. Ameutazama kwenye magari yanayopita, akaujenga upya kwa waya wa uzio na vizibo. Siku hizi wapo vijana wanaojenga mabasi ya mikoani kwa maboksi, mistari ya rangi ya kila kampuni wakiijua kwa kichwa, taa zikiwaka kwa betri za simu. Nimeyashika mabasi hayo, na naona kasoro moja tu: yamejengwa kwa jicho. Magurudumu yamekua, madirisha yamepungua, na akija mjukuu baada ya miaka 50 hawezi kujua basi la kweli lilikuwa na madirisha mangapi.

Kijana wa aina hiyo mpe utepe wa kupimia wa fundi cherehani, daftari na kikokotoo. Mwambie aende kwenye gereji au uwanja wa vyuma chakavu, aombe ruhusa kwa adabu, apime: ekseli kwa ekseli, upana, kimo, dirisha kwa dirisha, urefu wa ngazi ya mlangoni. Apige picha kwa ubavu, gari likiwa limenyooka, rula ikiwa imesimamishwa pembeni yake. Arudi nyumbani agawanye kwa 24. Walimu wa VETA na wa shule za ufundi wakilipokea zoezi hili, watakuwa wamefundisha hesabu, uchoraji, ubati na rangi kwenye meza moja, na mwisho wa muhula watakuwa na kitu cha kupeleka makumbusho. Ningefurahi kuona kabati moja tu likianza, hata na magari matano. Lakini wakati hausubiri: bei ya chuma chakavu ikipanda, gari lililolala nyuma ya gereji kwa miaka 30 linakatwa kwa gesi asubuhi moja.

Kwa sasa ninaijenga kumbakumba. Vipimo vya nje ninavyo, na mpira wa katikati nimeukunja kwa kitambaa cha mwavuli. Ninachokosa ni ndani: kondakta alikaa au alisimama wapi, mabomba ya kushikilia yalipakwa rangi gani, viti vya nyuma kabisa viliinuliwa kiasi gani kutoka sakafuni. Aliyefanya kazi kwenye mabasi yale, au aliyepanda kila siku akiwa mwanafunzi, ana majibu ambayo hayako kwenye mchoro wowote nilioupata. Na mwenye picha ya zamani iliyopigwa ndani ya basi, hata kama alipiga kwa ajili ya rafiki zake waliokuwa wakicheka, naomba aitoe kwenye albamu aikague nyuma ya vichwa vyao.